Wasomaji Wanne

Nyanjige hakuwa mvivu, hilo lazima lisemwe. Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka lake la vitenge mjini Bariadi, aliandika blogu yake. Sentensi zilikuwa fupi, kichwa cha habari kilivuta macho, picha haikukosekana. Kaunta ya blogu ilionyesha wasomaji wanne tu, naye akajipa moyo kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Ijumaa moja aliandika kwamba kampuni mpya ya pamba ingefungua ghala Jumatatu, kwa bei ya kuwashinda wanunuzi wote.

Jumatatu alikwenda ghalani kupiga picha, akapigwa na butwaa. Mlango ulikuwa na kufuli. Mbele yake ilisimama mikokoteni ya ng'ombe zaidi ya thelathini, imesheheni pamba, na watu wamelala chini yake.

"Mwangaluka, mayu," Nyanjige alimsalimu bibi mmoja kwa Kisukuma. "Mmetoka wapi?"

"Lagangabilili, mwanangu. Tumetembea tangu jana." Bibi akafungua karatasi. "Muksini, mwenye duka kijijini kwetu, hutuchapia haya, anabandika mlangoni. Anayejua kusoma anatusomea wote."

Nyanjige aliliona jina lake pale chini.

"Mayu, hiyo nimeandika mimi."

Uso wa bibi ukachanua. "Basi tuambie, wanafungua saa ngapi?"

"Sijui. Nilisikia saluni."

Bibi aliikunja karatasi polepole, mara nne.

"Sisi tulidhani mwenye kuandika ameona."