Kitambaa Chekundu

Kwenye kazi yetu kamba ya mzamiaji hushikwa na ndugu yake. Mtu baki huchoka, hupiga soga, huchezea simu. Ya mdogo wangu niliishika mimi miaka sita, tangu siku ile nami nilipokuwa mzamiaji, nikakimbilia juu kutoka majini ili niwahi mechi kwenye televisheni. Timu yangu ilifungwa, na mguu wa kushoto ukanifa. Sasa natembea kwa mkongojo, na wenzangu hapa gatini wananiita Mapema.

Siku hiyo mdogo wangu alikuwa mita arobaini chini, akikata vyuma vya tishari lililozama. Kina kile, hewa unayovuta hujipenyeza kwenye damu. Ukipanda taratibu, hutoka kwa pumzi. Ukipanda mbio, hufoka mwilini kama soda iliyotikiswa. Ndiyo maana nilifunga vitambaa vitatu kwenye kamba. Cha bluu mita tisa, asimame dakika tano. Cha njano mita sita, dakika kumi na tano. Chekundu mita tatu, nusu saa nzima. Nikivuta mara moja, anasogea kitambaa kinachofuata. Nikivuta mara nne, anaacha kila kitu na kuja juu moja kwa moja.

Ndiyo kwanza amefika cha bluu akipanda, simu ikalia. Dada yetu, yuko hospitali.

"Kaka, mama anaondoka. Anamwita kitindamimba wake. Njooni sasa hivi!"

"Yuko majini."

"Si umvute!"

"Bado dakika hamsini, dada."

"Mama hana hizo dakika! Una moyo wa namna gani wewe?"

Nilikata simu. Msimamizi wetu, aliyekuwa amesimama karibu, alisikia yote.

"Mvute, bwana. Mama ni mmoja."

"Na miguu ni miwili," nikamjibu.

"Basi nenda wewe. Nipe hiyo kamba."

Nilimtazama. Mtu huyu hata chai yake huisahau mpaka ipoe. Nikaing'ang'ania kamba, huku machozi yananitoka bila aibu. Mara mbili mkono ulikaza ili nivute mara nne. Mara mbili niliutazama mguu wangu.

Alipokuwa kwenye kitambaa chekundu simu ililia tena. Sikupokea, nilishajua. Nusu saa ilipotimia nilimwongezea dakika mbili, si kwa usalama wake, ni kwa woga wangu.

Aliibuka anacheka. "Leo umenisotesha, Mapema!"

Nikamwambia. Kicheko kikamkauka usoni.

"Ulipigiwa simu nikiwa wapi?"

"Kwenye bluu."

"Ukanipitisha vitambaa vyote vitatu, kimya?"

"Ungepooza, mdogo wangu."

"Ningechagua mwenyewe."

Alivua mavazi ya kuzamia, akaondoka kwa miguu yake, haraka, na mimi nikabaki nyuma nachechemea.

Mazikoni alibeba jeneza mbele kabisa, mguu mmoja baada ya mwingine, wima. Dada alimweleza kila aliyekuja kwamba mtoto kipenzi alichelewa kwa sababu kaka yake alikataa kumvuta. Watu waliniangalia wakaangalia pembeni. Hakuna aliyeuliza mimi mwenyewe nilikuwa wapi mama alipokata roho. Mimi pia ni mtoto wake. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Jumatatu nilifika gatini mapema, nikakagua bomba la hewa, nikakaza vitambaa. Mdogo wangu alikuja akiwa amekwisha vaa. Hakunisalimia. Aliichukua kamba mikononi mwangu, taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akampa msimamizi.

"Nusu saa kwenye chekundu," nikamwambia msimamizi. "Usipunguze hata moja."

"Nimekuelewa, bwana."

Mdogo wangu akazama. Nikakaa juu ya kreti na saa yangu, nikaanza kuhesabu peke yangu. Msimamizi alikuwa ameishika kamba kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa na simu.