Kifuniko cha Ndoo ya Labo

Mimi ni mwoga, na sioni faida ya kuficha jambo ambalo darasa zima linalijua. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nami tangu utotoni kule Lubarika nimejichagulia upande wa kicheko. Mbwa akibweka, nabadili njia. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye chuo chetu kidogo cha Kasenga, hapa Uvira, kilichomkabidhi ufunguo wa labo ya samaki.

Labo yenyewe ni chumba kimoja chenye meza mbili, kabati la chupa na darubini isiyoona kitu. Kati yake na salle, ukumbi wa mitihani, kuna ukuta wa mbao nyembamba za triplai tu, na fundi aliyeupigilia aliacha mwanya wa vidole vitatu pale chini. Mlangoni kumebandikwa karatasi: ni marufuku kulala au kupika humu, atakayekamatwa atafika mbele ya baraza la nidhamu. Karatasi hiyo niliibandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Nami nilikuwa nalala humo.

Ningelala wapi? Ziwa lilipopanda na kuingia katika bweni la wavulana mpaka madirishani, kila mtu alijitafutia pake. Wenye mashangazi walikwenda kwa mashangazi. Mimi Uvira sina hata binamu, kwa hiyo nikaingiza godoro langu labo, nikawa nalikunja alfajiri na kulisukuma chini ya meza. Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho, na nilijiambia nitavumilia hadi Julai.

Alhamisi asubuhi, siku ya mtihani wa takwimu wa mwaka wa pili, Papa Nyandwi mvuvi alinigongea na gunia lililolowa.

"Michée, nimewaletea kintu ya kusomea," akasema. "Ilikufa mu wavu."

Ndani ya gunia kulikuwa na nyoka wa ziwa, mrefu kunishinda, wa rangi ya udongo, na pete nyeusi shingoni. Wavuvi wote wanamjua, na wote wanamheshimu kwa sumu yake. Nilirudi nyuma hatua tatu.

"Papa, ni hakika ilikufa?"

"Mutoto wangu, tangu usiku iko chini ya mayi. Nyoka nayo inapumua sawa weye."

Maneno hayo yalinitosha. Dawa ya kuhifadhia ilikuwa imekwisha, tukingoja nyingine kutoka Bujumbura, kwa hiyo nilimweka ndani ya ndoo kubwa nyeupe, yeye na gunia lake, na maji kidogo. Ndoo hiyo ina kifuniko kinachobana sawasawa. Lakini asubuhi hiyo kifuniko kilikuwa juu ya sufuria yangu ya wali, maana panya wa labo hawana adabu, na wali ulikuwa wa mchele wa Bwegera ambao mama alinitumia. Nikatazama ndoo, nikatazama sufuria. Nikasema mfu hatembei, nikaenda bombani kufua shati.

Mvua ilininyeshea huko. Niliporudi, gunia lilikuwa limening'inia ukingoni mwa ndoo, na ndani hamna kitu.

Nilipanda juu ya meza kabla sijajua kwamba nimepanda. Kutoka huko juu niliona kila kitu: mstari wa maji juu ya sementi, ukipinda taratibu, ukipita kando ya kabati, ukiishia kwenye ule mwanya wa triplai. Upande wa pili palikuwa kimya. Watu sitini na wanne walikuwa wanaandika mtihani.

Utaniuliza mbona sikupiga kelele. Sababu ya kwanza ni nzuri. Mwezi wa pili tawi liliangukia bati la salle hiyo, mtu mmoja akapaza sauti kwamba ni risasi, na wote wakakimbilia mlango mmoja, kwa sababu ule mwingine umezibwa na madawati yaliyookolewa bwenini. Laurette alivunjika mkono siku ile. Sababu ya pili si nzuri. Wangeniuliza kwa nini ndoo haikufunikwa.

Nikatoka nje, nikazunguka hadi dirishani. Dirisha la salle halina kioo, lina wavu tu. Nikachungulia chini ya madawati, safu kwa safu. Safu ya tatu nikamwona.

Alikuwa kwa Florentine. Binti huyu ni wa nyumba ya wavuvi, kule chini ufukweni, na mtihani huo alikuwa anaurudia mara ya pili. Alikuwa amekuja kwa mguu katika mvua, kikwembe chake cha kiunoni kimelowa hadi magotini na kinaburuta chini. Nyoka alikuwa ametafuta palipo na giza na unyevu, akajificha hapo. Nusu ya mwili wake ilikuwa ndani ya pindo la kikwembe, nusu nyingine imejizungusha juu ya mguu wa Florentine, juu ya kandambili.

Naye alikuwa anajua. Kalamu ilikuwa imesimama mkononi, jasho linamtiririka puani, na hakulifuta. Mtoto wa mvuvi anajua kwamba nyoka huyu hana neno na mtu asiyemtikisa. Anajua pia kwamba watu sitini na watatu wakianza kuruka madawati, atauma nyama iliyo karibu.

Akainua macho. Akaniona dirishani.

Nikainama. Ndiyo, niliinama chini ya dirisha kama mwizi wa mihogo, nikarudi labo mbio. Nilijisemea: kwanza nifiche, kisha niseme. Nikatoa godoro chini ya meza, nikalifunga kamba, nikalisimamisha nyuma ya kabati. Nikakusanya nguo, mswaki, jiko la mkaa. Sufuria ya wali nikaisukuma nyuma ya makartoni, na kifuniko chake juu yake. Kwa haraka hiyo nikavunja chupa ya vibua. Nikaanza kufagia vigae, nawaapia, nikafagia hata chini ya kabati. Nilikuwa bado na ufagio mkononi niliposikia sauti ya Asistanti Donatien kupitia triplai. Yeye ndiye mwenye somo la takwimu, na hana mzaha.

"Florentine, naona unatazama chini sana. Simama."

"Asistanti, siwezi."

"Juu ya nini hauwezi?"

"Naomba uniache nimalize. Tafadhali."

"Uko na karatasi mu kikwembe. Nasema simama, tuone."

"Siwezi simama, Asistanti."

"Basi naandika PV, ripoti ya baraza. Udanganyifu. Mwaka unapotea, na weye mwenyewe ndiye umetaka."

Nikasikia kiti chake kikisogea na karatasi ikichanwa kutoka kwenye daftari. Ufagio ukanianguka. Nilijua Florentine peke yake angeweza kunitaja, na hakunitaja. Hofu yangu haikuisha, msidhani iliisha, nilikwenda nayo. Nikafungua mlango wa salle, nikapita katikati ya madawati huku nikitembea juu ya vidole, nikamnong'oneza Donatien sikioni:

"Asistanti, hapana kutikisika. Iko nyoka ku muguu yake. Ni ya labo."

Alitaka kunikemea. Kisha macho yake yakashuka hadi pindo la kikwembe, nalo lilikuwa linapumua. Nilimwona mtu mzima akigeuka rangi ya majivu. Lakini nitamsifu mpaka kesho, maana sauti yake haikubadilika.

"Tunahama salle," akatangaza. "Paa inavuja. Kila muntu na karatasi yake. Safu ya nyuma kwanza. Polepole, bila kusukumana. Florentine atabaki, tuko na maneno."

Wakatoka wakinung'unika juu ya paa. Wengine walimtazama Florentine kwa huruma, wengine kwa furaha, kama ilivyo kawaida ya wanafunzi. Tukabaki watatu, na yule wa nne.

Nikaenda kuleta ndoo na gunia. Nikailaza ndoo ubavu, gunia la Papa Nyandwi likiwa ndani, bado linanuka ziwa, nikaanza kutambaa kwa tumbo chini ya madawati nikiisukuma mbele yangu. Nilikuwa nalia. Silioni kuwa jambo la kuficha. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye sementi na nilikuwa naomba kwa majina yote niliyofundishwa kanisani. Mdomo wa ndoo ulipofika shubiri moja kutoka mguuni, kichwa kilichomoza kwenye pindo. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Kikanitazama, ulimi ukatoka, ukarudi.

"Usipumue ku uso yake," Florentine akasema bila kufungua midomo.

Sikupumua. Nyoka akakaa. Kisha akaanza kujifungua kutoka mguuni, mzunguko mmoja, mzunguko wa pili, akaingia katika giza la ndoo, mkia ukaburutika nyuma. Nikaisimamisha ndoo, nikalishindilia gunia mdomoni kwa viganja viwili. Akanigonga kutoka ndani, pale pale katikati ya kiganja, gunia tu likiwa kati yetu.

"Kifuniko! Kifuniko iko wapi?" Donatien akauliza.

Nikazidi kulishindilia gunia.

"Nilete ubao?"

Ubao. Ningesema ndiyo, na godoro langu lingebaki nyuma ya kabati, na mimi ningebaki na ufunguo hadi Julai. Lakini ubao haubani, na huyu alikuwa ameshatoka mara moja. Akanigonga tena. Florentine alikuwa bado ameketi pale pale.

"Iko mu labo," nikasema. "Nyuma ya makartoni. Juu ya sufuria yangu."

"Sufuria yako?"

"Ya wali, Asistanti. Harakisha."

Alikawia kuliko inavyohitajika kuchukua kifuniko. Aliporudi alikuwa nacho mkononi, punje za wali zimegandia ndani yake, na usoni mwake hapakuwa na swali lolote. Tukafunika. Tukakibana pamoja, mikono yetu minne juu yake, hadi kikalia.

Donatien akaichukua ile PV mezani, akaichana vipande vinne.

"Umepoteza dakika ngapi?" akamuuliza Florentine.

"Makumi tatu na tano," akajibu papo hapo. Akapewa zote. Aliziandikia pale mbele, peke yake, hadi mwisho.

Papa Nyandwi akaitwa kuipeleka ndoo ziwani, akacheka, kisha akaona nyuso zetu akaacha. Mimi nilinyang'anywa ufunguo saa kumi jioni, nikaambiwa Jumatatu nifike barazani. Nikatoka na godoro kichwani na sufuria mkononi. Florentine alikuwa ananingoja getini.

"Aksanti," akasema. Halafu akasema, "Nilikuona ku dirisha. Ulienda wapi?"

Uongo nilikuwa nao tayari, na ulikuwa mzuri: nilikwenda kutafuta ndoo. Nani angebisha? Nikamtazama, na nawaambia, yule wa ndoo hakunitia hofu kama macho yale.

"Nilienda kuficha godoro," nikasema.

"Muda gani?"

"Robo saa."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyelinganisha jibu lake na la mwenzake akaona yanalingana.

"Minye nilikuwa nahesabu pumuzi ya ile nyoka ku muguu yangu," akasema. "Nilisema nikifika mia tatu, Michée atakuwa ameingia. Nikafika mia tatu. Njo nikaacha kukungoja."

Akashika njia ya kushuka ufukweni, akichechemea kidogo, nami nikabaki pale getini na godoro langu kichwani.