Pua ya Leonardi

Rosalia alikuwa uani akifua kwa majani ya mpapai, maana sabuni ilikuwa haijaonekana dukani tangu mvua za vuli, pale mumewe alipomwita kutoka chumbani.

"Baba Adasta."

Alitaka kusema Mama Anasta, kwa jina la binti yao Anastasia. Lakini pua yake ilikuwa imeziba tangu wiki iliyopita, na kila herufi iliyotaka kupita puani iligonga mlango ikarudi.

"Baba ni wewe," Rosalia alimjibu. "Mie ndiye mama. Unataka nini?"

"Baji."

Akajipangusa mikono kwenye kanga, akamimina maji kikombeni na kumpelekea. Leonardi alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, kinywa wazi, uso umemvimba chini ya macho kana kwamba ameumwa na nyuki. Akijilaza tu alikosa pumzi, kwa hiyo usingizi wake wote siku hizi ulikuwa wa kukaa. Kazi yake ilikuwa katika kiwanda cha nguo hapo hapo Temeke, kwenye chumba cha kuchambulia pamba, ambako vumbi jeupe huelea hewani kutwa nzima. Watu wa chumba kile ungewatambua hata wakiwa sokoni. Kope zao zilikuwa nyeupe.

"Leo usiende," Rosalia alimwambia.

Leonardi akatikisa kichwa. Msimamizi alikwishasema kwamba atakayekosa zamu bila karatasi ya mganga asijisumbue kurudi. Na mwaka ule kukosa kitambulisho cha kazi mjini hakukuwa jambo la mzaha. Malori yalipita mitaani, waliokutwa hawana kazi wakapakiwa na kupelekwa kulima. Fundi cherehani wa nyumba ya pili alichukuliwa akienda kutafuta uzi, na cherehani yake ilikuwa bado imefunikwa gunia barazani.

Zahanati walikwishakwenda asubuhi ile. Walipanga foleni tangu jua halijachomoza, na zamu yao ilipofika muuguzi hakuinua macho.

"Ana homa?"

"Hana."

"Anakohoa damu?"

"Hakohoi. Ni pua, sista. Hapumui."

"Mbona yuko hai? Matone ya pua hatuna. Mwache anywe vitu vya moto."

Rosalia akaomba basi angalau karatasi ya mapumziko.

"Karatasi nazo zimekwisha," muuguzi alisema, na kwa sauti yake ilionekana hilo lilikuwa kweli.

Hayo yote Rosalia alimsimulia mwenye nyumba wao, Bi Mauwa, mwanamke wa Kizaramo aliyekuwa akipepeta mchele wake kidogo mlangoni. Bi Mauwa alimsikiliza hadi mwisho, kisha akacheka hadi ungo ukatikisika.

"Sasa nyie mmepanga foleni kutafuta mvuke? Huko kwenu Masasi hamjifukizi?"

"Tunajifukiza, bibi. Ila mume wangu anasema hayo mambo ya wazee."

"Basi mwambie na pua yake ni ya mzee. Mchaichai ninao hapo nyuma, kata utakao. Katafute majani ya mkaratusi. Uyachemshe pamoja, umfunike blanketi, avute mvuke kwa pua, asivute kwa mdomo. Halafu maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, tia chumvi kidogo, avute puani, atoe. Na akitoka kwenye blanketi asipigwe na upepo, nakuomba sana. Na habasoda ya kunusa, muulize Maryambai wa dukani."

Duka la Alibhai lilikuwa limebaki na viberiti, chumvi ya mawe na mizani isiyo na cha kupima. Mkewe, Maryambai, alipoambiwa shida yenyewe aliingia ndani kwake, akarudi na habasoda kidogo ndani ya kitambaa cheupe.

"Hii ya nyumbani, si ya kuuza," alisema. "Sugua mkononi, ipate moto, halafu yeye nusa. Mume yangu kila kipupwe iko hivyo hivyo, analia kama toto."

Ilibaki mikaratusi. Ilikuwa imeota safu nzima kando ya ghala la shirika moja, na chini yake alikaa mlinzi mwenye koti zito lisilolingana na joto la mji ule. Rosalia akamwamkia, akaomba majani mawili matatu.

"Haiwezekani, dada. Mali ya umma hiyo."

"Na mie si umma?"

Mlinzi akafikiri. "Umma ni wote. Wewe uko mmoja. Andika barua kwa meneja, ukijibiwa uje."

"Mume wangu hapumui, kaka. Meneja akinijibu atakuwa ananijibu nikiwa mjane."

Mlinzi akamtazama, akautazama mti, akalitazama geti. Kisha akageuka kuuelekea ukuta na kuanza kuwasha sigara. Alitumia njiti nyingi sana kwa sigara moja. Alipogeuka, Rosalia alikuwa keshavuka barabara, kanga imemtuna kiunoni.

Maji yalipochemka aliitua sufuria sakafuni katikati ya chumba, akamkalisha Leonardi kwenye kigoda na kumfunika blanketi. Kufumba na kufumbua kichwa kikachomoza upande wa pili.

"Bafua yataisha, bie dakufa kwa joto."

"Rudi ndani."

Kikarudi, kikachomoza tena. Rosalia akaona hapa hakuna njia nyingine. Akaingia naye chini ya blanketi, akamshika kisogo kama anayemnywesha mtoto uji, na paji lake la uso likagusana na la mumewe. Giza lilikuwa la moto na lenye harufu kali, jasho likawatiririka wote wawili, la huyu likidondokea mikono ya yule. Ulikuwa umepita muda mrefu hawajakaa karibu hivi mchana. Yeye alikuwa akirudi kutoka foleni wakati mumewe anakwenda zamu, na mumewe akirudi yeye anakwenda foleni.

"Vuta," alimnong'oneza. "Kwa pua. Polepole. Vuta tena."

Leonardi akavuta. Kitu kikalia ndani ya uso wake kama kizibo kinachong'oka. Akapenga kamasi kwenye kitambaa, akavuta tena, na safari hii hewa ikapita.

"Mama Anasta," alisema.

Rosalia alibaki amemshika kisogo, kwanza alitaka alisikie jina lile mara nyingine.

"Mama Anasta, imefunguka."

Hapo blanketi likavutwa. Mbele yao alisimama mgambo mwenye rungu, na mlangoni alikuwa Mzee Mwinjuma, balozi wao wa nyumba kumi, ameinamisha uso kwa haya.

"Mnapika gongo," mgambo alisema. "Mvuke nimeuona dirishani tangu barabarani."

"Gongo ya mchaichai?" Rosalia aliuliza. Kisha akakumbuka adabu. "Shikamoo, Mzee Mwinjuma."

"Marahaba, mwanangu. Twendeni tu ofisini, tukayamalize huko."

"Bi Mauwa kasema asipigwe na upepo."

"Kidhibiti hakingoji upepo," mgambo alisema, akaishika sufuria kwa blanketi lao. Akaibeba hivyo kifuani hadi ofisi ya tawi la chama, mvuke ukimpanda usoni, na kabla hawajafika alikuwa amekwishapenga kamasi mara kadhaa kwa kiganja.

Katibu wa tawi alikuwa nyuma ya meza, na nyuma yake pazia jipya lilifunika mlango wa chumba cha ndani. Kwenye benchi la ukutani walikaa wanawake waliokuja, kama kila wiki, kuuliza kama mgao wa bidhaa umefika. Katibu akainamia sufuria, akanusa, akakunja uso.

"Hii si gongo."

"Ndivyo nilivyosema," Rosalia alisema.

"Ni mkaratusi. Na mikaratusi mtaa huu iko ghalani peke yake. Kwa hiyo umeiba mali ya umma. Sufuria inabaki hapa mpaka shauri lisikilizwe."

Ilikuwa sufuria yao ya pekee. Rosalia akamgeukia mumewe amsaidie kusema, akamkuta hasikilizi kabisa. Leonardi alikuwa ameinua uso, macho nusu yamefumba, akivuta hewa taratibu kama mtu anayeonja mchuzi. Kwa muda wote wa ugonjwa wake hakuwa amenusa kitu.

"Mama Anasta," alisema kwa sauti safi, bila ubaya wowote. "Hapa pananukia sabuni."

Katibu akainua uso kutoka kwenye sufuria.

"Ile ya kuogea, ya harufu nzuri. Tena nyingi." Leonardi akanyoosha kidole kwenye pazia. "Huko."

Wanawake wa benchi wakainuka mmoja mmoja. Mzee Mwinjuma akalitazama pazia, kisha akayatazama mashati, lake na la mgambo, yote mawili yamegeuka rangi ya chai kwa kufuliwa na majivu.

"Sabuni ipi, katibu?" mgambo aliuliza polepole.

"Mgao haujapangwa. Utatangazwa." Katibu akaisukuma sufuria mezani. "Chukueni chombo chenu mwende. Mtu akachelewe kazini kwa sababu ya majani?"

Kesho yake, wanawake walipokwenda na vikapu, walikuta pazia limefungwa juu na chumba kitupu kimefagiliwa vizuri. Mgao haukutangazwa. Lakini siku ile walikuwa bado hawajui, na Rosalia alitoka pale sufuria kichwani, anatembea kama bibi harusi.

Muda wa zamu ulikuwa umefika. Wakapitia nyumbani kuiacha sufuria, kisha akamsindikiza mumewe hadi geti la kiwanda. Ng'ambo ya ukuta mashine zilinguruma, na kutoka kwenye madirisha ya chumba cha kuchambulia vumbi lilikuwa likitoka kama moshi.

"Itaziba tena," Leonardi alisema. Hakulalamika. Alisema tu.

Kiwanda kile kilitoa kanga usiku na mchana, lakini madukani hazikuwamo, na Rosalia alikuwa amejitanda ile ile kuukuu aliyotoka nayo Masasi. Akaivua begani, akaing'ata pembe, akachana kipande kirefu. Akamfunga mumewe puani na mdomoni, fundo nyuma ya kisogo, maua mekundu yakamjaa usoni.

Mlinzi wa geti akanyoosha mkono. "Hicho nini? Hiyo si sare ya kazi."

"Pua nayo hamkunipa nyie," Leonardi alisema ndani ya maua yake, akapita.

Mlinzi akabaki na mkono wake hewani. Nyuma, kwenye mstari wa wanaoingia, mwanamume mmoja mwenye kope nyeupe alisimama, akavua kofia.

"Shemeji," alimwambia Rosalia, "hakijabaki kipande?"

Rosalia akaitazama kanga iliyobaki mkononi. Akaing'ata tena.