Mume Wangu Wegesa Mahakamani

Wegesa alinioa nikiwa msichana wa Nyambureti, akanileta Kemambo kwa ng'ombe wake mwenyewe. Ndiyo, Wegesa ni mwanamke. Hakujaliwa mtoto wa kiume, na mila yetu Wakurya inamruhusu mwanamke wa namna hiyo kuoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake isife. Tunaiita nyumba ntobu. Anayetaka kucheka acheke. Nimeona ndoa za keki na picha ambazo hazikuwa na raha hata nusu ya yetu.

Nazikumbuka mno siku zile. Wegesa akikamua alfajiri huku akigombana na ng'ombe, mimi nikisonga ugali wa mtama. Nilipomzaa Ryoba yeye ndiye aliyemshika kwanza. "Karibu nyumbani kwa baba yako," alimwambia, akajipiga kifua. Mwanamume aliyehusika simtaji; kwetu hakuwa na hesabu. Ningeipata jioni moja tu ya wakati ule, hata yenye moshi wa kuni mbichi, ningeshukuru.

Mwaka jana Ryoba alifukiwa na kifusi kwenye duara, shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, upande wa Genkuru. Mwenye duara akatangaza kwamba mwanetu alishuka shimoni bila ruhusa, kama mwizi. Tulikuwa tumeshamzika, lakini utamzikaje mtoto na jina la wizi ukalala?

Mahakama ikafungua uchunguzi wa kifo, na shirika la msaada wa kisheria likatupa wakili, Kokushubira, binti wa Bukoba, mpole na msikivu. Alitueleza kwamba pale hafungwi mtu. Hakimu anatafuta marehemu alikufaje, na mzazi anaweza kuwauliza mashahidi maswali. Alikosea jambo moja. Alimwona Wegesa na mvi zake, akamwandika bibi wa marehemu na kumketisha nyuma. Mimi akaniweka mbele.

Shahidi alikuwa Erasto, aliyenusurika siku ile. Alitahiriwa pamoja na Ryoba, rika moja. Waliporudi wakiimba, Wegesa aliwapokea uani kama baba anavyopokea, akawachinjia mbuzi, akacheza mpaka kanga ikamdondoka. Kwetu baba wa mwenzako wa rika ni baba yako, na humdanganyi. Lakini nilipomuuliza mimi, Erasto alijibu akitazama sakafu.

"Alishuka mwenyewe. Zaidi ya hapo sijui."

Kule nyuma Wegesa akasimama.

"Mheshimiwa, huyo mtoto nataka nimuulize mimi."

"Bibi, keti," hakimu alisema. "Mzazi ameshauliza."

"Mimi siyo bibi. Huyu Tabitha nimemuoa mimi. Ryoba ni wangu."

Watu wakacheka. Nilitamani kuwatandika mmoja mmoja. Kokushubira hakucheka, aliinama kwangu akanong'ona, "Ni kweli, mama?"

"Kweli kabisa."

Akasimama. "Mheshimiwa, kosa ni langu. Nilidhani, sikuuliza. Kwa mila ya familia hii, mzee Wegesa ndiye aliye katika nafasi ya baba wa marehemu. Anahusika na kifo hiki kuliko sisi wote humu ndani. Naomba apewe nafasi."

Hakimu alikuwa mgeni, amehamishiwa kwetu kutoka mbali. Alimtazama Wegesa, akanitazama mimi, akafikiri. Kisha akamwita mbele.

Wegesa alikwenda polepole mpaka mbele ya Erasto. Kijana akanyanyua macho.

"Shikamoo, tata," alisema. Tata ndivyo anavyomwita baba yake mzazi.

Wegesa hakuitikia. "Nani alimtuma mwanangu shimoni?"

Erasto akafuta uso kwa kiganja.

"Tulitumwa, tata. Matimba ya kuzuia udongo yalikuwa yameoza, Ryoba akakataa kushuka. Msimamizi akasema asiyeshuka asionekane tena pale. Ryoba akatangulia ili mimi nisitangulie. Baadaye nikaambiwa nikisema hivyo nitafukuzwa kazi. Ryoba hakuiba kitu. Hakuiba."

Hakuna aliyecheka. Hakimu aliandika kila neno, akamsomea Erasto, Erasto akakubali.

"Marahaba, mwanangu," Wegesa alisema.

Kisha akaja kukaa mbele, kando yangu, akanishika mkono. Ndipo nilipolia.