Maji ya Pili

Kanzu ilitoka kwenye beseni ikiwa na rangi ya ufizi. Mama Povu aliiinua kwa ncha za vidole, akaigeuza, akaitumbukiza tena, akaikamua, akaiinua upya kana kwamba macho yake ndiyo yaliyokosea. Haikubadilika. Ilikuwa kanzu ya shehe, ile nyeupe ya Ijumaa, na Ijumaa ilikuwa kesho.

"Shoga," alisema taratibu, "hii umeiloweka kwenye maji gani?"

Mwenzake aliacha mashuka aliyokuwa akiyakamua kwenye jiwe la pili, akaja kuchungulia. Watu walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Safari hii ulibaki wazi tu, hautoi neno.

Bomba lile la mtaa lilikuwa na mawe mawili ya kufulia, na kwa miaka mingi lilikuwa lao. Mama Povu ni mtu wa kanisani, Chiriku ni mtu wa msikitini, na kamba yao ilikuwa moja. Diwani aliwahi kutuma vijana na futi za kupimia, akitaka pajengwe kituo cha kuoshea magari. Wanawake wa pande zote mbili wakaja na ndoo zao, wakakaa juu ya mawe, wakagoma kuondoka. Vijana walikunja futi zao wakaenda. Haukupita muda, bomba likaanza kudondosha badala ya kutoa, na kila walipouliza, ofisi ya diwani ilijibu kwamba pampu inatengenezwa.

Mwenye shida hachagui. Wafuaji wakaanza kutumia maji ya pili: maji uliyosuuzia nguo za huyu huyamwagi, unalowekea za yule. Sharti lilikuwa moja tu, nyeupe haiingii humo. Asubuhi ile Chiriku alikuwa na haraka. Aliona povu jeupe limejaa beseni, hakupeleka mkono chini, akaizamisha kanzu. Kumbe maji yale yalikuwa yamepitisha majoho mapya ya kwaya ya kanisa, mekundu, ya kitambaa cha bei poa ambacho rangi yake haikukaa hata siku moja.

"Nimekwisha," alisema Chiriku. "Shehe ni mjomba wa mume wangu. Wakijua ni mimi, sina nyumba. Nisitiri, shoga."

Mama Povu alimcheka. Kwake kosa la dobi lilikuwa kosa la dobi, dawa yake malimau na jua. Akasema atajitwika yeye. Kwani shehe atamfanya nini mtu asiye ndugu yake? Isitoshe, yeye mwenyewe asingekuwa na amani kumwona mwenzake akifukuzwa kwa sababu ya beseni. Wakaipaka kanzu malimau, wakaianika palepale kwenye kamba ili jua liivute ile rangi. Waliopita wakauliza. Mama Povu akawajibu kwa mzaha kwamba mikono yake imezeeka, imeanza kutia watu rangi.

Hapo ndipo alipojiroga mwenyewe.

Jioni alimpelekea shehe kanzu yake, ikiwa imefifia lakini haijapona. Shehe aliipokea barazani, akaitazama, akacheka mpaka akakohoa. Alisema mkewe alishamuunguzia mbili kwa pasi na dunia haikusimama. Akamwambia arudi nyumbani kwa amani, akamsalimie mumewe.

Mumewe alikuwa kitandani tangu alipoanguka kutoka ghorofa alilokuwa akilijenga. Mwenye jengo alikuja kumwona mara moja, akaacha pole na matunda, hakuonekana tena. Chakula cha nyumba ile, dawa, hata sabuni ya kumwogeshea mgonjwa, vyote vilitoka kwenye lile jiwe la bomba. Mama Povu alilala akiwaza malimau mengine atayapata wapi.

Maneno hayalali. Asubuhi ilisemwa kwamba mwanamke wa kanisani ameiharibu kanzu ya shehe. Kufikia adhuhuri ikawa ameiharibu kwa makusudi. Watu walipotoka kuswali ilishakuwa si rangi tena, ni mvinyo wa kanisani, kanzu imelowekwa ndani ya mvinyo ili shehe asimame mbele ya Mola wake na najisi. Aliyeanzisha la mvinyo hakujulikana, ingawa mpambe wa diwani alionekana akizunguka na pikipiki, akisimama kila penye kundi na kuuliza kwa upole kama ni kweli lile alilolisikia.

Madirisha ya kanisa yalikwenda kwa mawe. Jumamosi mlango wa madrasa ukang'olewa. Duka lilivunjwa, mpishi wa chai akapasuliwa kichwa, na kibanda cha fundi viatu kikateketezwa kwa sababu kilikuwa katikati. Hakuna aliyekumbuka fundi yule alikuwa wa dini gani, hivyo kila upande ulijisifu kwamba umechoma cha adui. Mwenyewe alikaa kando ya majivu, akaulizwa kama anazilaumu dini zote mbili. Akasema hata zisingekuwepo, watu hawa wangetoana roho kwa sababu ya namna ya kukata kucha, alimradi awepo wa kuwapa wembe.

Jumapili mchungaji alihubiri juu ya dada yetu anayeteswa kwa ajili ya imani. Dada mwenyewe hakuwepo kusikia. Alikuwa amejifungia chumbani, ndoo imekauka, akimfuta mume kwa kitambaa kilichokwisha unyevu. Alimtuma jirani kwa Chiriku, amwombe aje waende pamoja kwa shehe, wayamalize. Jirani alirudi peke yake. Alisema Chiriku alikuwa na mgeni, na nje kulikuwa na pikipiki.

Kikao cha amani kiliitishwa katika ukumbi wa kata. Shehe alikaa kushoto kwa diwani, mchungaji kulia. Watu waligawanyika kama walivyokaa viongozi wao, katikati pakaachwa njia, na katika njia hiyo Mama Povu akasimamishwa.

"Mama yangu," diwani alianza, kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto, "hapa hatumhukumu mtu. Tunatafuta amani. Ulichanganya nguo za dini mbili katika chombo kimoja, ndiyo au siyo?"

"Mheshimiwa, nguo ikishavuliwa haina dini. Ina uchafu tu."

Mtu mmoja alicheka, wengine wakamzomea. Diwani alisubiri wanyamaze.

"Ndiyo au siyo?"

"Tunafua hivyo kwa sababu maji hakuna. Tungekuwa na maji—"

"Pampu si ajenda ya leo, mama."

Mama Povu alimtazama shehe. Alitegemea kuuona uso ule wa barazani, uliocheka mpaka ukakohoa. Shehe alikuwa akiangalia vidole vyake. Nyuma yake vijana walikuwa wamesimama, na mmoja alikuwa na bandeji. Alipotakiwa kusema, shehe alisema waumini wake wameumia, naye ni mmoja wao. Basi. Mchungaji akasema kondoo wake hawezi kuonewa, kisha, bila hata kumwangalia kondoo mwenyewe, akaongeza kwamba kanisa litaheshimu uamuzi wa kikao.

Mama Povu alisogea hatua moja mbele. Aliliona jiwe lake likimponyoka, na mume kitandani, na ndoo kavu.

"Si mimi niliyeiloweka," alisema.

Diwani aliinamisha kichwa kidogo, kana kwamba amefurahi.

"Mtaa mzima ulikusikia ukisema ni wewe. Ulikuwa unatudanganya?"

"Nilimsitiri mtu."

"Nani?"

Hakumtaja. Aligeuka tu, akamtafuta Chiriku katika safu za kina mama wa upande wa pili, akamwona, akamsubiri. Alitaka aseme mwenyewe. Aliamini atasema. Walikuwa wamezikiana watoto, mmoja mmoja kila mtu, na kila mmoja alimfulia mwenzake nguo za msiba. Chiriku alikuwa amejifunika khanga mpaka puani, na juu yake macho yalikuwa yakimtazama mumewe aliyeketi safu ya mbele.

"Wewe mama," diwani alimwita Chiriku, "ulikuwepo?"

"Sikuwepo, mheshimiwa." Sauti ilikuwa ndogo. Kisha, kama mtu aliyefundishwa akasahau kipande, akaongeza, "Siku hiyo sikufua."

Mama Povu aliacha kumtazama. Alijua sasa akisema jina, upande mmoja utamwita mwongo na mwingine utapata sababu ya kurusha mawe tena. Akakaa chini palepale njiani, sakafuni, kwa kuwa hakuna aliyempa kiti.

Uamuzi ulisomwa haraka mno kwa kitu kilichoamuliwa papo hapo. Kwa ajili ya amani, ufuaji unapigwa marufuku pale bombani kwa watu wote, bila kubagua dini. Eneo litapewa matumizi yatakayowaunganisha wananchi. Watu walipiga makofi.

Nje, shehe na mchungaji walimfuata, kila mmoja akiwa na aibu yake.

"Dini haina kosa, mama," shehe alisema. "Kosa ni la watu."

"Kweli kabisa," mchungaji alidakia. "Ni moyo wa binadamu."

"Watu wenyewe ni wenu, nanyi mlikaa nao humo ndani," alisema Mama Povu. "Dini haina kosa, diwani hana kosa, ninyi hamna kosa. Basi limebaki kwangu na beseni langu."

Gari la diwani lilipiga honi kuwaita, wakaenda pamoja.

Kituo cha kuoshea magari kilifunguliwa kabla mvua hazijaanza. Pampu ilikuwa imepona. Maji yalitoka kwa nguvu hata mpira ukawa unamshinda Chiriku, aliyevaa fulana yenye picha ya diwani na kujitahidi asiangalie upande wa uzio. Yule kijana wa bandeji na mwingine wa kwaya walikuwa wakisugua gari moja, wakichovya sponji zao katika ndoo moja.

Mama Povu alisimama nje ya uzio na dumu tupu, pamoja na wengine waliokuja na madumu. Mlinzi aliwaambia wasubiri dua imalizike ndipo waulize kama maji yatatolewa. Shehe akaomba, diwani ameinamisha kichwa. Mchungaji akaomba. Kila mmoja alipotua, watu wa pande zote mbili, ndani na nje ya uzio, waliitikia kwa pamoja neno lilelile, wakiwa na macho yamefumbwa: "Amina."

Mama Povu alisikia sauti yake mwenyewe imo miongoni mwao, kabla hajawahi kuizuia.