Pumzi Anasubiri Kugongewa

Kila asubuhi mke wa Pumzi ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye boti. Alifagia magamba ya jana, akakata ngisi wa chambo juu ya kibao cha plastiki, kisha akapanga jaketi za kuelea kwa ukubwa, za watoto mbele, za akina baba wenye vitambi nyuma. Akimaliza alifungua mishipi. Ya watu wazima ilikuwa myeupe, ya watoto ilikuwa myekundu, na hiyo myekundu aliikagua mmoja mmoja kwa vidole.

Bango la gatini lilisema: SAFARI ZA KUVUA ZA FAMILIA. MAJI YA VUGUVUGU. KILA MTOTO HURUDI NA SAMAKI WAKE. Tajiri, mwenye boti, ndiye aliyelipaka, na lilikuwa bango la kweli, jambo ambalo si la kawaida kwa mabango.

Ukweli huo ulikuwa na kibarua wake. Nyuma ya boti, chini ya ngazi, mahali ambapo wateja hawakuona, palining'inia tenga la samaki hai walionunuliwa kwa wavuvi. Hapo ndipo Pumzi alipofanyia kazi. Walimpa jina hilo kwa sababu alikaa chini ya maji muda ambao mtu mwingine angekuwa ameshaliliwa. Alichukua samaki tengani, akazama, akautafuta mshipi mwekundu, akamtunga samaki kwenye ndoano kwa mdomo wa juu, upande wa kushoto, maana alikuwa mtu wa mashoto. Kisha akavuta. Huko juu mtoto alipiga ukelele, mama akapiga picha, na baba akatangaza kwamba mtoto kamrithi yeye.

Nahodha alikuwa kaka yake Pumzi. Alimwelekeza kwa spana, akigonga sakafu ya boti. Pigo moja maana yake bado, kuna mtoto hajapata na anakaribia kulia. Mapigo matatu maana yake tumemaliza, panda, tunawasha injini. Pumzi naye akichoka aligonga matatu kutoka chini, kuuliza, na kaka yake akamjibu kwa moja au kwa matatu. Wakati mmoja mtoto wa mteja aliokota spana akaichezea, na Pumzi akaibuka katikati ya familia nzima akiwa na samaki mkononi. Tajiri alifoka mpaka povu likamtoka. Tangu hapo ikawa sheria kwamba Pumzi hapandi mpaka autambue mkono wa kaka yake. Kuutambua hakukuwa kazi. Utotoni walilala vyumba vilivyopakana, wakigongeana ukuta, na nahodha hukawia kidogo kabla ya pigo la tatu mpaka leo.

Siku ile mvua ilikuja na upepo bila hata salamu. Watoto walitapika, akina mama wakaita majina ya watoto ambao walikuwa wamewapakata wenyewe, na baba mmoja akamshika nahodha kola. "Geuza boti! Unataka kutuulia watoto?" Nahodha akawasha injini, spana ikiwa mfukoni mwake. Mke wa Pumzi alikuwa amemkumbatia mtoto wa watu asianguke, akadhani mapigo matatu yamempita kwa sababu ya ngurumo. Gatini walihesabu jaketi zikatimia. Pumzi hakuwahi kupewa jaketi.

"Tukisema alikuwa chini," Tajiri alisema, "tutaulizwa chini alikuwa anafanya nini."

Kwa hiyo hakuna aliyetumwa kumtafuta. Jua halijazama, ikawa imeshasemwa kwamba Pumzi alishuka gatini akaondoka na mwanamke. Watu waliipokea habari hiyo kwa mikono miwili, maana ilikuwa tamu. Mke wake alizichukua kandambili zake kutoka chini ya benchi la boti, akawa anatembea nazo akimwonyesha kila aliyepita.

"Hebu niambieni, mtu gani anatoroka na mwanamke akiwa pekupeku?"

"Mapenzi hayo, dada," muuza vocha alimjibu, akaendelea kuhesabu chenji.

Boti ilitoka tena mara bahari ilipotulia. Tajiri aliagiza wateja waambiwe kwamba samaki wamekimbia dhoruba. Tenga lilikuwa tupu, hata halikuning'inizwa. Mshipi mwekundu wa kwanza ulipofika majini ukakaza, mtoto akapiga ukelele, akapanda changu mnene. Kisha wa pili. Kisha wote, kwa zamu, kama ilivyokuwa siku zote, na watu wazima hawakupata kitu, kama ilivyokuwa siku zote. Mke wa Pumzi aliwatoa samaki kwenye ndoano. Wote walitungwa kwa mdomo wa juu, upande wa kushoto.

"Yupo," alimwambia nahodha.

"Nimeona," nahodha akasema.

Walipokuwa wanakunja mishipi, sakafu ya boti iligongwa kutoka chini, mara tatu, taratibu. Nahodha alifungulia redio kwa sauti ya juu, akawasha injini. Abiria waligeuka kutazama ndege wa baharini.

Tajiri alipopewa habari alikuna kidevu. "Basi hatuhitaji tena kununua samaki," alisema, akaenda kumwambia mke wake. Kufa kufaana.

Mambo yakawa hivyo. Mke wa Pumzi alipoona nahodha hagongi, aliichukua spana mwenyewe. Aligonga matatu, akangoja ameinama, sikio kwenye mbao. Kutoka chini kukaja matatu mengine, ya kuuliza. Alijaribu tena akikawia kabla ya pigo la tatu, akakawia sana, akakawia kidogo, akagonga mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Mumewe aliendelea kuuliza. Mtu aliyeambiwa asubiri mkono fulani, na akatii mpaka akafa, hawezi kuanza ubishi baadaye.

"Shemeji, gonga," alimwomba nahodha. "Apande tumzike. Mimi sitaki kingine, simtaki Tajiri wala kituo cha polisi. Nataka mume wangu niliyeolewa naye, basi."

"Nitagonga, shemeji. Siku tusiyokuwa na watoto. Hawezi kupanda mbele ya watoto wa watu, katika hali ile."

"Siku gani hatuna watoto?"

Nahodha alitazama bango. Safari zilikuwa za kila siku, sikukuu mara mbili. Aliomba siku moja tu ya kupumzisha injini, Tajiri akamwuliza kama amepata kazi kwingine. Nahodha ndiye aliyemlisha mama yao, na sasa na mke wa mdogo wake pia. Hakuomba tena.

Halafu vikaanza vitambaa. Kwenye ndoano ya msichana mmoja, pamoja na samaki, kilipanda kipande kidogo cha nguo ya buluu, si kikubwa kuliko ukucha. Safari iliyofuata vikawa vingi. Mke wa Pumzi aliijua ile buluu, alikuwa ameifua tangu ilipokuwa mpya. Akaelewa kwamba vidole vya mumewe vimekufa ganzi, havitofautishi tena samaki na shati, na ndoano inachota vyote viwili.

Aliviweka vile vipande kwenye bakuli. Nyumbani, baada ya chakula, alivimwaga mezani akaanza kuvishona, akioanisha mistari, kipande kwa kipande. Mama mkwe wake alikaa upande wa pili akimtungia uzi kwenye sindano, maana pamoja na uzee wake macho yalikuwa bado makali.

"Hapa ni mgongoni," mama mkwe alisema. "Angalia jasho lilivyochujua rangi."

"Na hapa ni mfuko, mama."

"Mfuko mtupu. Huyu mtoto hajawahi kuwa na kitu mfukoni."

Walicheka kidogo, kisha wakarudi kwenye mishono, wote wawili wakifanya hesabu ileile. Mgongo ulishatimia, kola ilishatimia. Shati likiisha, ndoano itaanza kuchota nini?

"Mwambie mwanangu mkubwa agonge," mama mkwe alisema siku shati lilipobaki mkono wa kushoto peke yake. "Mwambie mimi nimesema. Nimezaa wawili. Asinifanye niwe na mmoja na nusu."

Siku iliyofuata bahari ilikuwa shwari na maji ya vuguvugu, kama bango lilivyoahidi. Walipanda familia mbili za ndugu, watoto wengi, na bibi mmoja aliyevaa jaketi mbili kwa tahadhari. Samaki walianza kutoka mara tu nanga ilipozama. Mke wa Pumzi aliwapongeza watoto kwa majina ya kubuni, nahodha mdogo, malkia wa bahari, kwani ndiyo kazi aliyoajiriwa, na kila kitambaa alikitia mfukoni mwa aproni.

Msichana mmoja mwenye mapengo alikuwa ametumbukiza mkono majini. "Mama, kuna mjomba huku chini," alisema. "Anasema anasikia baridi."

"Mwambie avumilie," mama yake alijibu, akimpaka mafuta ya jua mabegani. "Na utoe mkono, utalowesha gauni."

Mke wa Pumzi aliweka kisu chini. Alikwenda kwenye kikapu chake, akatoa shati, akalitandaza juu ya kifuniko cha injini mbele ya nahodha. Lilikuwa limejaa mishono kama ramani ya mitaa, lakini lilikuwa shati. Mkono wa kushoto ulifika kwenye kiwiko. Alivichomoa vitambaa vya asubuhi ile kutoka kwenye aproni akavipanga. Mkono ukafika karibu na kiganja.

"Imebaki pingili ya mkono tu, shemeji. Hapa penye kifungo. Mama anasema gonga."

Nahodha alilitazama shati. Lilikuwa la kwake zamani, alimpa mdogo wake lilipoanza kumbana tumboni. Machozi yalimtoka mbele ya wateja, akayaacha yatoke. Akazima redio. Akachomoa spana, akapiga magoti kwenye sakafu ya boti kati ya ndoo za samaki, na chini kukagongwa matatu hata kabla hajainua mkono, kana kwamba mtu huko amemsikia akipiga magoti.

Mke wa Pumzi alijifunga khanga kiunoni. Alikuwa na shuka safi kikapuni, alilibeba kila siku tangu mwanzo. Alilitoa akalikunjua, akasogea kwenye ngazi.

"Mimi sijapata!"

Alikuwa mtoto mdogo kuliko wote, ameshika mshipi mwekundu kwa mikono miwili. Uso ulikuwa umeshajikunja. "Wote wamepata, mimi tu sijapata!" Na akaangua kilio.

Spana ikashuka. Ikagonga mara moja.

Nahodha alibaki ameinama, akiutazama mkono wake. Kwa miaka yote, mtoto akilia, mkono ule ulikuwa haumngoji mwenyewe aamue.

"Shemeji," mke wa Pumzi alisema. "Ongeza. Ongeza mawili, bado anasikia!"

Lakini mshipi wa mtoto ulikuwa umekaza. Alitoka tasi mdogo, anayemfaa mtoto wa umri ule, na mdomoni mwake, pamoja na ndoano, pingili ya shati ya buluu yenye kifungo cheupe. Familia zote mbili zilipiga makofi. Bibi wa jaketi mbili alipiga makofi kuliko wote. Watoto walizunguka wakitaka kumgusa samaki, wakamzunguka na nahodha, mmoja akampanda mgongoni.

"Sasa siwezi," nahodha alisema. "Si unawaona? Kesho, shemeji. Haki ya mama, kesho."

"Tunaweza kurudi?" baba mmoja aliuliza kwa upole. "Tumeshapata wote. Na watoto wana njaa."

Chini paligongwa matatu. Nahodha alisimama, akafuta uso kwa mkono wa shati lake, akawasha injini. Mke wa Pumzi alilikunja shuka, pembe kwa pembe, akalirudisha kikapuni.

Nyumbani walimalizia mshono wa mwisho. Mama mkwe alipiga pasi, akafunga vifungo vyote, akalitundika shati nyuma ya mlango. Hakuuliza kulikwendaje. Alikula kidogo, akasema samaki ana mifupa mingi, akaenda kulala.

Asubuhi mke wa Pumzi alifagia magamba, akakata ngisi, akapanga jaketi. Gatini kulikuwa na foleni. Tajiri alikuwa amepata rangi mpya na alikuwa anaongeza mstari kwenye bango, kuhusu sauti za baharini ambazo watoto watazisikia chini ya boti, bila malipo ya ziada. Aliwasalimu wafanyakazi wake vizuri, akawauliza kama walilala salama.

Walitia nanga mahali palepale. Mshipi mwekundu wa kwanza ulikuwa wa mtoto wa kiume mwenye kofia, na ulikaza kabla baba yake hajamaliza kumweleza namna ya kuushika. Samaki alipanda akipigapiga. Mke wa Pumzi aliushika mshipi, akaufuata kwa vidole mpaka kwenye ndoano, uso ameugeuzia kwa nahodha, ambaye naye alikuwa ameugeuza wake baharini. Alipapasa mdomo wa juu, upande wa kushoto. Aliitoa ndoano bila kuitazama, akaisuuza kwenye ndoo, akaisuuza tena.

"Hongera, mwanangu," alimwambia mtoto. "Huyo ni wako."