Kompyuta Iliyokauka Maziwa

Haya niliambiwa na mjukuu wangu Wamucii mwezi wa tano, nikikamua ng'ombe hapa kwangu Mutuini. Alitaka kompyuta ya mezani ya kuhariri video za harusi, lakini aliogopa kununua leo, halafu kesho itoke mpya yenye nguvu zaidi.

"Za sasa zimeisha Ngara nzima, Shosho, na maduka hayaletewi zingine."

"Basi imekauka! Ng'ombe akikauka maziwa, miezi miwili haiishi kabla hajazaa. Ngoja."

Jamleck, mume wa Wamucii, akacheka. "Shosho, kompyuta haina mimba! Ikitoka kabla ya Krismasi, nitakukamulia wiki nzima."

Mwezi wa saba ikatoka mpya. Wamucii alikuja na yake akiimba. Jamleck akashika ndoo, akapigwa teke na ng'ombe, tukacheka hadi machozi. Wao walilala mapema; mimi nikalala baadaye, bado nikicheka.